Maji ya Usangu na Taa za Mbali

Katika soko la Darajani mchele wa Mbeya haununuliwi kwa chakula cha kila siku. Wa kila siku ni mapembe, unaoletwa kwa meli kutoka Asia. Wa Mbeya hungojea Sikukuu, harusi au mgeni wa heshima, kwa sababu ya harufu yake. Muuzaji akiulizwa ni Mbeya ya wapi, aghalabu hujibu kuwa ni Mbeya tu, kana kwamba mkoa mzima ni jaruba moja. Upo unaotoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na upo mwingi unaotoka bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ambako mifereji ya mpunga ilianza kuchimbwa na Mabulushi waliohamia huko kabla ya uhuru. Hao ni watu wa asili moja na Mabulushi walioletwa Unguja kuwa askari wa Sultani. Hivyo Usangu si nchi ya mbali sana na visiwa kama ramani inavyodai.

Wala si mchele peke yake. Tangu mwaka 1980, ulipolazwa chini ya bahari waya wa kwanza wa umeme kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, taa ya Unguja imewaka kwa umeme wa Bara, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Bara ilitokana na maji. Ruaha Mkuu hukusanya mito inayoteremka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, hupita katika mashamba ya Usangu, hutuama katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha hutoka kwa njia nyembamba iitwayo N'giriama na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa. Mbele yake lipo bwawa la Mtera, na mbele zaidi Kidatu, ambako mitambo ilianza kazi mwaka 1975 na kufikia megawati 204. Mtera yenyewe ina megawati 80. Mtu aliyewasha taa Michenzani katika miaka ya 1980 alikuwa akitumia maji yaliyopita kwenye majaruba ya Rujewa, naye hakuwa na sababu ya kulijua hilo.

Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko hubanana katika vidimbwi vilivyosalia, na samaki hufa kwenye tope. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 nchi ilipata mgao mkali wa umeme. Mambo haya mawili yalitokea kwa pamoja, na wakubwa hawakukawia kulifanya moja kuwa sababu ya jingine. Ikasemwa kuwa mkulima wa Usangu na mfugaji wa Ihefu ndio wanaoitia nchi gizani.

Ilikuwa hoja nyepesi, na ilikuwa na kasoro. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Uingereza na wa taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, walioichunguza Usangu kati ya mwaka 2001 na 2005, waliona kuwa bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Kijito kinachopungua mwezi wa Oktoba huliongezea kidogo mno. Mifereji ya mpunga huathiri mno mto wa kiangazi; huwaumiza viboko na huiumiza hifadhi, na hilo ni kosa linalostahili kurekebishwa kwa mabanio bora na zamu za maji. Lakini giza la miji lilitokana zaidi na jinsi maji yalivyofunguliwa Mtera, yakiachiwa kwa wingi kupita kiasi kilichoshauriwa, kuliko na mpunga wa Mbarali. Maneno hayo yaliandikwa, yakasomwa mikutanoni, yakafungwa kabatini.

Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa pengine. Machi 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza jijini London, mbele ya wakuu wa dunia waliokuwa wakijiandaa kwa mkutano wa mazingira wa mwaka 2002, kuwa ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Nia yenyewe ilikuwa njema. Linaloumiza ni mahali ilipotangazwa. Mwenye shamba Igurusi au Chimala, ambaye ndiye angefunga banio lake ili ahadi hiyo itimie, hakuwamo miongoni mwa walioahidiwa. Alikuwa sehemu ya kilichoahidiwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 ukame uliishusha Mtera na mgao ukarudi. Ofisi ya Makamu wa Rais, ambaye wakati huo alikuwa Dk. Ali Mohamed Shein, ikatangaza mkakati wa dharura wa kunusuru ardhi na vyanzo vya maji, na wafugaji wakaamriwa waondoke Ihefu. Tangu Mei 2006 hadi katikati ya mwaka 2007 Wasukuma, Wamasai na Wataturu walitolewa na mifugo yao, ng'ombe wasiopungua laki mbili, wakaelekezwa Lindi na kwingineko kusini. Wengi wa ng'ombe hao hawakufika. Malalamiko ya faini, ya mifugo iliyopotea na ya watu waliopigwa yalizidi hadi Rais Kikwete akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Othman Chande.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo watetezi wa wanyonge hupenda kuliruka. Wakulima wengi wa Usangu walifurahi wafugaji walipoondolewa. Walikuwa wamechoshwa na ng'ombe kwenye mpunga wao, na viongozi wao waliwaambia kuwa bonde sasa litakuwa lao. Hawakujua kuwa jembe la pili linanolewa. Tangazo la Serikali Namba 28 la mwaka 2008 liliiunganisha Usangu na Hifadhi ya Ruaha, ambayo ikawa ya zaidi ya kilomita za mraba elfu 20, kubwa kuliko hifadhi zote nchini kwa wakati huo. Safari hii mstari wa ramani haukuuliza nani ana ng'ombe na nani ana jembe. Watu wa Ikoga walihamishwa, wakalalamikia fidia, wakajenga upya mahali panapoitwa Ikoga Mpya. Vijiji vingine vilijikuta ndani ya hifadhi bila kusogea hata hatua moja, vikiwa na usajili wao, shule zao na masanduku yao ya kura.

Mwaka huo huo wa 2008, mwezi wa Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sababu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, uliotiwa saini katika lile lile giza la 2006. Kwa hiyo giza moja lilikuwa na washtakiwa wawili: mkataba uliotengenezwa Dar es Salaam na ng'ombe wa Ihefu. Ng'ombe ndio waliohamishwa kwanza.

Na mashamba makubwa ya mpunga, je? Kapunga na Mbarali, yaliyokuwa ya shirika la serikali, yaliuzwa kwa wawekezaji mwaka 2006, yakaendelea kuteka maji ya bonde lile lile. Hati ya Kapunga ilimeza na hekta 1,870 za kijiji, na wanakijiji walipigania ardhi hiyo kwa miaka. Banio la mwekezaji halikuitwa tishio kwa taa za taifa.

Hakuna awezaye kudai kuwa nyanda za juu hazikuwa na watu wakubwa. Mwaka 2008 Wizara ya Maji na Umwagiliaji ilikabidhiwa Profesa Mark Mwandosya, mtu wa Rungwe. Tarehe 25 Oktoba 2022, mawaziri walipofika Mbarali kutangaza kuwa vijiji vitano, Luhanga, Madundasi, Msanga, Iyala na Kalambo, pamoja na vitongoji kadhaa, vitaondolewa, na kuwa watu zaidi ya 21,000 wahame, kiti cha Spika wa Bunge kilikuwa kimekaliwa na mbunge wa Mbeya Mjini, Dk. Tulia Ackson. Wabunge wa Mbarali hawakunyamaza wote. Wapo waliosimama wakasema. Ila mbunge anayesema Dodoma anajua kuwa Katiba, ibara ya 71, humvua kiti akikoma kuwa mwanachama wa chama chake. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, mkuu wa wilaya vivyo hivyo, na mkurugenzi wa halmashauri naye vivyo hivyo. Ardhi yote, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini. Anayebaki wa kuchaguliwa na kuishi karibu na wananchi ni diwani na mwenyekiti wa kijiji, nao hawachori ramani.

Iringa inalikumbuka jambo hili kwa namna ya uchungu zaidi. Barabara ya kutoka Iringa mjini kwenda Dodoma hupita Isimani kabla ya kuteremka Mtera. Hapo, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, katika mzozo wa shamba lililotakiwa liwe la ujamaa, kisha akaupeleka mwili mwenyewe polisi. Alihukumiwa akanyongwa. Kuua hakuna utetezi, na Kleruu alikuwa mtumishi aliyeamini kazi yake. Lakini yafaa kuuliza mkulima yule angelipeleka wapi shauri lake. Mkuu wa mkoa ndiye aliyekuwa pia katibu wa TANU wa mkoa. Serikali na chama vilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyesimama shambani. Mwaka uliofuata halmashauri za wilaya zilivunjwa, zikarudi mwaka 1984. Miaka zaidi ya kumi ilipita bila mahali pa kusemea.

Msomaji wa visiwani analo la kulinganisha. Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliliagiza Shirika la Umeme liwakatie wadaiwa wote, Zanzibar ikiwemo, iliyodaiwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Aliyejibu alikuwa Rais wa Zanzibar, na Rais huyo alikuwa Dk. Shein yule yule. Alijibu hadharani kwamba Zanzibar haitatishika na kuwa kama ni lazima watu watawasha vibatari. Umeme haukukatwa. Mwaka 2006 mtu huyu alikuwa amekaa katika kiti kilichowajibika kwa serikali ya Muungano, na bonde la Usangu likahamishwa kwa jina la umeme. Mwaka 2017 alikuwa katika kiti kilichowajibika kwa Wazanzibari, na umeme ukatetewa. Hulka yake haikubadilika katikati. Mbeya haikupata kuwa na kiti cha namna ya pili, wala Iringa.

Ndiyo maana watu wa Mbarali walilazimika kupeleka shauri lao mbali zaidi ya Dodoma. Upanuzi wa utalii wa kusini ulikuwa ukigharimiwa na Benki ya Dunia, kwa mradi wa dola milioni 150 ulioidhinishwa mwaka 2017. Malalamiko yalifikishwa mwaka 2023 mbele ya jopo la ukaguzi la benki hiyo huko Washington. Aprili 2024 malipo yakasimamishwa, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Ni ajabu, na si ajabu ya kujivunia, kwamba ofisi ya kigeni ilimsikiliza mkulima wa Madundasi kuliko ofisi alizozipigia kura. Mpaka wa hifadhi nao ulikuwa umerekebishwa mwaka 2023. Vijiji vingine vikaachiwa ardhi, vingine vikabaki ndani. Mradi ulipofutwa mpaka huo haukufutwa pamoja nao.

Sasa kuna bwawa jipya la Julius Nyerere kwenye Rufiji, la megawati 2,115, ambalo mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Maji yake mengi hutoka Kilombero. Mbele ya ukubwa huo Mtera na Kidatu, megawati 284 kwa pamoja, zimekuwa sehemu ndogo ya hesabu ya taifa. Giza lililotajwa mwaka 2006 kuwa sababu ya kuwatoa watu Ihefu halipo tena kwa namna ile. Mawaziri wanane walikwenda Mbarali kusema nani ahame. Wa kwenda Ikoga Mpya na Luhanga kuifanya hesabu hiyo upya, kwa megawati na kwa hekta, mbele ya wenye majaruba, angetosha mmoja.