Gari la Viti Viwili na Urithi wa Ndugu Watatu

Wahenga walinena kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na wakipatana, chukua kapu ukavune. Yeyote aliyewahi kuketi katika kikao cha kugawa mali ya marehemu anajua maana ya maneno hayo. Shamba hupimwa kwa kamba, ng'ombe huhesabiwa, na hata masufuria hupata wenyewe. Lakini je, gari moja hugawanywa vipi kati ya watoto watatu?

Hilo ndilo lililotukabili mimi na ndugu zangu baba alipofariki mwaka wa 2016. Pamoja na shamba dogo la Limuru, mzee alituachia Datsun 240Z, gari la mbio lenye boneti ndefu na viti viwili pekee. Alilinunua kutoka kwa mtu wa tatu au wa nne kulimiliki, wakati ambapo gari la aina hiyo lilionekana kuwa chuma chakavu tu, na akalikarabati kidogo kidogo kwa mshahara wa ukarani.

Wasomaji wa umri wa baba hawahitaji kuelezwa gari hilo lilikuwa na sifa gani humu nchini. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann alishinda mashindano ya Safari Rally akiliendesha. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta alishinda kwa gari la aina iyo hiyo, baada ya kumaliza sare kwa alama na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine. Siku hizo watoto walijipanga kando ya barabara za matope, wakangoja mngurumo wake kabla ya kuliona. Baba alikuwa miongoni mwao.

Kwetu sisi, sifa yake ilikuwa nyingine. Kwa kuwa lilikuwa na viti viwili, jamaa yetu haikuwahi kusafiri ndani yake kwa pamoja. Kila Jumapili baba alimchukua mtoto mmoja, kwa zamu. Leo kaka mkubwa, wiki ijayo mimi, wiki ya tatu kitinda mimba. Mwenye zamu alikuwa na baba peke yake kwa muda wa saa mbili, na katika saa hizo aliweza kuuliza jambo lolote. Ni katika kiti hicho nilipomwambia kwamba sitaki kusomea ualimu, bali uandishi wa habari.

Alipotuacha, gari lilifunikwa kwa turubai karibu na zizi, likakaa hapo miaka miwili. Limuru, kama mjuavyo, ni mahali pa ukungu na manyunyu, na adui mkubwa wa gari hilo ni kutu. Kaka mkubwa alitaka liuzwe. Kitinda mimba alitaka libaki palepale kama kumbukumbu, wala lisiguswe na mtu. Wakala mmoja alipopata habari, akaanza kutupigia simu kila mmoja kivyake, huku akimtajia kila mtu bei tofauti. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru! Ilifika mahali ndugu wawili wa tumbo moja wakawa hawasalimiani mlangoni mwa kanisa.

Siku ya kikao, kaka mkubwa alisimama akasema, "Mama, la kuvunda halina ubani. Tuliuze tugawane."

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Gari si kaburi la kuwekewa maua, na pia si mbuzi wa kuchinjwa. Kama mnalitaka, liendesheni. Kama hamlitaki, liuzeni leo, mniondolee panya wangu hapo."

Panya kweli walikuwa wamezaa chini ya kiti. Na hayo hayakuwa yote. Tulipomwita fundi, mzee ambaye amekula chumvi nyingi katika karakana za Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo zamani iliitwa Grogan, alitueleza jambo ambalo wengi hawalijui: gari huharibika zaidi likiwa limelala kuliko likitembea. Petroli iliyokaa sana huacha utomvu unaoziba vijitundu vya kabureta. Mafuta ya breki hufyonza unyevu hewani, unyevu huo ukala chuma kwa ndani. Mipira hukauka ikapasuka, na magurudumu hubonyea upande mmoja.

Tulikubaliana tuchange pesa, kila mmoja sehemu sawa, na mimi nikawekwa kuwa mshika daftari, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kazi ilichukua miezi minane. Sitasahau siku fundi alipopatanisha zile kabureta mbili. Alichukua kipande cha mpira wa maji, upande mmoja akautia sikioni, wa pili akauelekeza penye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa hewa. Akaenda kwa ya pili, akasikiliza tena, akakaza skrubu kidogo, hadi zote mbili zikavuma sawa. Akageuka akawatazama kaka zangu, akasema, "Moja ikivuta kuliko mwenzake, injini hutetemeka." Hakuna aliyeuliza kama alikuwa akizungumzia injini tu.

Basi tukajiunga na wenye magari ya kale, ambao huandaa matembezi ya Jumapili. Wapo wadhanio kwamba huu ni mchezo wa matajiri. Si uongo, pesa zinahitajika, na hao matajiri wapo. Lakini pia nimewakuta walimu wastaafu na mafundi wa jua kali, na nimemwona mwenye kampuni akilala chini kwenye vumbi kumshikia karani tochi.

Matembezi yetu ya kwanza yalikuwa kwenda Naivasha kupitia Mai Mahiu. Msafara una adabu zake. Hakuna kushindana barabarani. Kila dereva humtazama anayemfuata kwenye kioo, na asipomwona, husimama. Katika mteremko wa bondeni huteremka kwa gia ndogo, kwani breki za zamani zikipata joto jingi hulegea. Tulipumzika kwenye kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita wa Kiitalia mwaka wa 1942. Wakati wa kurudi, gari la mwenzetu lilichemsha maji kwenye mlima. Msafara mzima ulisimama, tukanywa chai ya chupa hadi rejeta ikapoa ndipo ikafunguliwa. Hakuna aliyeachwa.

Kaka yetu mdogo, ambaye damu yake ni moto, aliona mwendo huo ni wa kobe. Yeye alifurahia siku ya uwanjani, ambapo njia hufungwa, haina matatu wala mtoto wa shule anayevuka. Hata hapo kuna masharti. Breki, magurudumu na mikanda hukaguliwa kwanza. Kofia ngumu ni lazima. Bendera ya njano ni hatari, nyekundu ni kusimamisha mbio, na ya bluu humwambia dereva kwamba nyuma yake yuko mwenye kasi zaidi. Baada ya mizunguko mitatu, kitinda mimba alirudi breki zikinuka. Dereva mmoja mkongwe akaingia, akaketi kando yake. "Kijana," akamwambia, "punguza mwendo kabla ya kona. Ukikumbuka ukiwa ndani ya kona, umechelewa." Tangu siku hiyo, hamu yake ya kasi anaipeleka uwanjani, nasi nyumbani tunalala usingizi.

Jina la baba lingali kwenye daftari la nyumbani, juu ya ratiba. Mwezi huu gari ni la kaka mkubwa, ujao ni langu, wa tatu ni la mdogo wetu. Mwenye zamu hulipia petroli, na sharti letu moja ni kwamba kiti cha pili kisikae kitupu. Kaka mkubwa, yule aliyetaka liuzwe, humchukua bintiye wa miaka kumi na mitano, ambaye nyumbani hasemi ila "ndiyo" na "hapana". Wanayozungumza humo hatujui. Nilichoona ni kwamba wakifika huchelewa kushuka.

Ikiwa nawe, msomaji, nyumbani kwenu kuna kitu cha marehemu kilichofunikwa turubai, kiwe gari, cherehani au redio, ketini mkiulizane nani atakitumia kabla ya kuulizana ni cha nani.

Mwezi ujao nimeiacha zamu yangu kwa mama. Naivasha ameikataa. Anataka kupelekwa Githunguri kwa dada yake, na ameonya kwamba atakayeshika usukani aache nafasi nyuma ya kiti, kwa sababu hatarudi bila mkungu wa ndizi.