Ofisi Ikihama Grupu, Angalieni Nani Anaachwa Njiani

Wadau, kuna umbea wa mapenzi na kuna umbea wa ofisini. Leo naleta wa ofisini, na majina sitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Ishu ni hii. Ofisi nyingi mjini siku hizi zinahamisha mfumo wao wa kazi, yaani ile sehemu ya mtandaoni ambako watu wanachati, wanatumiana mafaili na kupangiana zamu. Ukisikia hivyo unadhani ni shughuli ya yule kaka wa IT peke yake. Wapi! Ni kama kuhama nyumba. Dereva wa kirikuu anajua barabara, lakini hajui kwamba kile kiboksi kilichochakaa ndo kina vyeti vyako vya shule. Usipomwambia, kinaachwa na taka.

Twende na mfano ninaoujua. Meta, hao hao wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, walikuwa na kitu kinaitwa Workplace. Kilitoka rasmi Oktoba 2016. Ilikuwa kama Facebook ya kazini: magrupu, kuchati, video za moja kwa moja, ila waliomo ni watu wa ofisi yenu tu. Sisi tunakodisha mahema, viti na muziki wa sherehe, tupo kama sitini hivi, na tuliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Hata kijana wa kubeba viti hakuhitaji kufundishwa. Kama anajua kulike picha ya ex wake, tayari anajua kazi.

Mei 2024 Meta ikatangaza kwamba inaifunga. Na haikufunga kwa kushtukiza. Ilisema mtaitumia kama kawaida mpaka 31 Agosti 2025. Kuanzia 1 Septemba 2025 mpaka 31 Mei 2026 mtasoma na kupakua vitu vyenu tu. Baada ya hapo kila kitu kinafutwa. Hata pa kuhamia walipendekeza, Workvivo ya Zoom.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Hapo kuna zaidi ya mwaka wa kujipanga. Ofisi yetu ilianza kujipanga lini? Julai 2025. Bongo bwana!

Mpango wenyewe ulikuwa meseji ya mistari mitatu kutoka kwa bosi mmoja mpenda suti. Jumatatu kila mtu apakue programu mpya. Ya zamani tuisahau. Tunahama tukiwa wasafi, hatubebi takataka. Watu wakaweka madole gumba, mambo yakaisha.

Mimi nikapewa kazi ya kuorodhesha magrupu yote, kwa sababu wanasema nashinda kwenye simu. Haya, simu hiyo hiyo ndo imenifumbua macho.

Cha kwanza nilichokuta ni makaburi. Magrupu zaidi ya arobaini, yaliyo hai hayafiki kumi. Kuna grupu la harusi ya mtu ambaye ameshaachika. Kuna magrupu matatu ya stoo, kila moja lina bei zake za mahema, na hakuna anayejua bei sahihi ni ipi. Haya kweli ni takataka, hapo bosi namuunga mkono.

Cha pili ni milango wazi. Folda ya mikataba ya wasanii ilikuwa inaonekana na kila mtu ofisini. Kuna msanii mmoja, nyimbo zake mnazicheza kila wikiendi, malipo yake ya shoo yote yapo pale, mpaka mlinzi wa geti anayaona. Halafu kuna kaka mmoja aliyeondoka kwetu mwaka juzi, akaenda kwa washindani wetu, na akaunti yake bado ilikuwa inafanya kazi. Ndo maana kila tukitaja bei kwa mteja, wenzetu wanashusha kidogo tu chini yake. Siwezi kuapa kwamba alikuwa anachungulia. Ila akaunti yake ilipofungwa, mchezo ule ukapoa.

Kwa hiyo somo la kwanza: kabla ya kuhama, kila grupu litafutiwe mwenyewe. Mtu mmoja, kwa jina, aseme hili tunahama nalo, hili tunalihifadhi, hili tunafuta, na nani anaruhusiwa kuliona. Ukihamisha fujo kama ilivyo, kule mpya unapata fujo ile ile, tofauti ni rangi.

Cha tatu ndo kilichonifanya niandike hii kitu.

Lilikuwepo grupu la usafiri. Madereva wanne wa malori na msimamizi wao. Ukilitazama haraka ni takataka kabisa: picha za foleni, sauti za usiku wa manane, "tumefika Bagamoyo", "tumeanza kufungua". Kwenye orodha bosi aliandika: futa.

Dereva mmoja mtu mzima akanifuata mezani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Binti yangu, humo ndani ndimo zilimo saa zangu."

Sikumwelewa. Akanifungulia simu yake, kioo kimepasuka katikati. Kila wakimaliza sherehe saa nane au saa tisa za usiku, walikuwa wanaandika pale muda waliomaliza, na bosi anaweka dole gumba. Hilo dole gumba ndo lilikuwa idhini. Fomu hakuna, daftari hakuna, kusaini hakuna. Kuanzia msimu wa harusi za Desemba mpaka Juni, saa zao zote za ziada zilikuwa humo kwenye chati, na walikuwa hawajalipwa hata moja.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu kuhama mifumo. Mafaili huwa yanahama kirahisi, unayapakua huku unayapandisha kule. Chati ndo ngumu. Mara nyingi haziingii kwenye mfumo mpya zikiwa na mpangilio wake, jina la aliyeandika, saa aliyoandika na nani aliitikia. Ndo maana ofisi nyingi zinaamua kuziacha. Na kwa watu wa chini, chati ndo ofisi yenyewe. Mkubwa ana mkataba kwenye faili, dereva ana "sawa mzee, nimeona" ya saa tisa usiku.

Na si hisani wanayoomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Dole gumba la bosi si utani, wadau.

Nikabadilisha kwenye orodha. Badala ya "futa" nikaandika: lihifadhiwe lote, lina saa za ziada. Bosi akaniita, akaniambia nisijifanye mwanasheria, kazi yangu ni kuorodhesha. Nikamjibu kwamba ndo nimeorodhesha kilichomo. Aliyeniokoa ni dada wa uhasibu. Huyu dada haongei sana, lakini siku hiyo alisema mbele ya watu kwamba bila zile kumbukumbu hawezi kufunga hesabu za usafiri, na yeye haweki sahihi kwenye kitu asichokiona. Kaka wa IT akapakua grupu zima siku hiyo hiyo, nakala moja ikaenda uhasibu, nyingine kwa msimamizi wa madereva.

Madereva watatu wamelipwa, kwa mafungu, la mwisho Novemba. Wa nne aliacha kazi mwezi Machi, na akaunti yake ilifungwa siku ile ile aliyoondoka, kwa hiyo hana hata picha ya meseji zake mwenyewe. Bado anakuja getini. Anaambiwa faili lake linashughulikiwa. Saa zake zipo, nimeziona kwa macho yangu kwenye ile nakala, mstari kwa mstari, na madole gumba yake. Mpaka naandika hii hajapewa hata mia.

Kuna na suala la bando. Programu mpya ni nzito, inataka nafasi kwenye simu na intaneti muda wote. Vijana wa kubeba viti wana simu ambazo zikiingiza wimbo mmoja lazima zifute picha mbili. Wiki ya kwanza karibu nusu yao hawakuingia, na zamu zikapangwa humo humo. Wasioziona wakakatwa siku. Ofisi ikitaka watu wahame, basi ijaribu kwanza na grupu dogo, tena lile lenye simu mbovu kuliko zote, si la mabosi. Na ihame kipindi kilichopoa, isihame mwisho wa mwezi wakati mishahara inatengenezwa.

Msidhani haya ni ya ofisi yetu tu. Skype tuliyokuwa tunaiona ni ya milele ilifungwa 5 Mei 2025, na ilikuwepo tangu 2003. Hizi nyumba zote za mtandaoni ni za kupanga. Iko siku mwenye nyumba atauza kiwanja.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa kazini, ofisi yenu ikitangaza inahama, usikimbilie kuweka dole gumba. Uliza: chati zinaenda wapi? Nani anabaki na nakala? Walioacha kazi wanazipataje za kwao? Nani amesema hii ni takataka, na yeye anadaiwa nini humo ndani?

Hilo la mwisho liulize kwa adabu, lakini liulize.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenye kazi yako makubaliano ya pesa yapo kwenye karatasi au kwenye chati? Shusha komenti, ila jina la ofisi weka mfukoni.