Sanduku la Yatima na Reli ya Milimita Tisa



Ndugu wasomaji, mzee mmoja wa mtaani kwetu ameniuliza, kwa adabu lakini bila kuuficha mshangao wake, vipi mtu anayepanda mimbari siku ya Ijumaa anakutwa baada ya Isha ameinamia bao la plaiwudi, mkononi ana chuma cha kulehemia, mbele yake reli za kuchezea. Nilimwahidi jawabu. Na kwa kuwa jawabu lenyewe lawagusa walezi wengi, nimeona bora niliandike mahali ambapo akina mama nao watalisoma.

Mdogo wangu alikuwa baharia. Aliugua siku chache, Mwenyezi Mungu akamchukua, akaacha mjane na mtoto mmoja wa kiume wa miaka 11. Miongoni mwa vitu vyake kulikuwa na sanduku la kadibodi alilolinunua zamani meli yao ilipotia nanga Hamburg. Ndani yake mna kichwa cha treni chenye urefu wa kidole, mabehewa manne, vipande vya reli na transfoma yake. Miaka yote lilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa. Ahadi yake kwa mwanawe ilikuwa kwamba siku atakapoacha bahari watakaa wawili waijenge reli hiyo.

Wazazi wetu wametangulia zamani, kwa hivyo mirathi yake haikuwa na mzozo: mjane thumni yake, na kilichobaki cha mtoto. Sanduku likaangukia fungu la mtoto, nami nikawa msimamizi wa mali yake. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu mmoja alitaka kulinunua kwa bei nzuri, na jamaa wakashauri liuzwe, pesa zitiwe kwenye karo. Hoja yao haikuwa mbaya. Sote twajua jinsi Sura ya Nisaa ilivyowaonya wanaokula mali ya yatima, na kukigeuza kitu kilicholala kiwe karo si kula. Lakini msimamizi hulazimika kutazama maslahi ya mtoto yote, si yale yanayohesabika kwa shilingi pekee.

Na mtoto huyu alikuwa amenyamaza. Tangu siku ya mazishi alijibu kwa kichwa au kwa neno moja. Shuleni alikuwa kimya, na mwalimu wake wa madrasa akanambia hasomi tena kwa sauti. Hufuatisha mstari kwa kidole tu, midomo imefungwa. Daktari alimtazama, akasema koo lake ni zima, akatushauri tumpe muda na tusimwache peke yake. Juma lile lile la mazungumzo ya kuuza, mamake alipofagia chumba alilikuta sanduku uvunguni mwa kitanda cha mtoto, limefunikwa shuka. Hakuna aliyelihamisha ila yeye. Nikawaambia jamaa kwamba mwenye mali amekwisha kusema.

Ama kuhusu mzee wangu na mshangao wake, imesimuliwa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa za vitambaa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona alimuuliza habari zake, na jawabu lake likamchekesha. Nyumba ile haikuona haya kwa mchezo wa mtoto, seuze yangu.

Tulianza na hesabu. Reli hizi ndogo huitwa N, na herufi hiyo imetokana na neno tisa, ambalo kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa huanza kwa herufi hiyo. Nafasi kati ya reli mbili ni milimita 9, na kila kitu kimepunguzwa mara 160. Vipimo hivi vilianza kuuzwa Nuremberg, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya watu wasio na vyumba vikubwa. Nilimpa mtoto kalamu na karatasi. Reli ya zamani iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901 ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina milimita 1,435. Akagawanya zote mbili kwa 160. Ya kwanza ikatoa 6 na kitu. Ya pili ikatoa 8.97. Akanitazama, akaandika kwenye pambizo: "Ni SGR." Hakulitamka, aliliandika, lakini lilikuwa neno la kwanza alilolitoa mwenyewe bila kuulizwa.

Bao letu ni sentimita 120 kwa 60. Nilichagua kipimo hicho ili liweze kusukumwa uvunguni na kutoka mlangoni bila kuvunjwa, kwa sababu nilijua kwamba eda ikiisha huenda mjane akataka kurudi kwao Lamu, na mtoto ataondoka naye. Plaiwudi, nyaya na gundi nilizinunua kwa pesa zangu, mali ya mtoto isiguswe. Umbo ni duara refu, kama yai. Mtoto alichora njia ya kukatiza katikati, ili treni ijigeuze na kurudi ilikotoka. Nikamwonyesha kwa kidole: ukiifuata reli ya kulia hadi mwisho wa njia hiyo, utaikuta imekutana na ile ya kushoto, na zikigusana ni shoti. Inawezekana kujenga hivyo kwa kukata reli na kutia swichi maalumu, lakini kwa wanaoanza duara hutosha.

Sasa nieleze umeme, kwani ndio kiini cha kisa. Treni hii haina betri. Transfoma huugeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti 12. Hizo 12 huingia kwa reli moja, zikapanda kwa gurudumu, zikazungusha mota, kisha zikashuka kwa gurudumu la upande wa pili na kurejea kwa reli ya pili. Ndiyo sababu magurudumu ya upande huu hutengwa na ya upande ule kwa plastiki. Yangeunganishwa kwa chuma kitupu, umeme ungepita njia ya mkato na mota isingezunguka. Ukibadilisha chanya na hasi, treni hurudi nyuma. Mtoto ashike upande wa volti 12 peke yake. Plagi na umeme wa ukutani ni kazi ya mtu mzima, na plagi yetu ya Kijerumani yenye meno mawili ya duara niliibadilisha mwenyewe kabla ya lolote.

Vipande vya reli huungwa kwa viungio vyembamba vya madini. Umeme hupita humo, lakini kila kiungio huupunguza kidogo, na kwa hewa yetu ya chumvi huupunguza zaidi. Dawa yake ni kupitisha chini ya bao nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, kisha kutoka humo kuchomoza nyaya nyembamba zinazopanda kwenye matundu na kulehemiwa kwenye reli. Sisi tulitia jozi 4. Kulehemu kwataka haraka, kwani chuma kikikawia mataruma ya plastiki huyeyuka. Kwanza ipake risasi ncha ya waya, kisha ubavu wa reli, halafu viguse kwa pamoja na uondoe chuma.

Mamake mtoto ni mshonaji wa kofia. Mikono yake imezoea uzi mwembamba na vishimo visivyoonekana, na mke wangu ndiye aliyesema kwamba kazi ya kuandaa nyaya apewe yeye. Lakini mimi ni shemeji yake, si mahram wake, naye alikuwa katika eda. Kwa hivyo hatukukaa kwenye bao moja. Mimi, mtoto na mke wangu tulikuwa ukumbini. Yeye alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na mkasi wake na kitita cha nyaya. Kila kitu kilipita mkononi mwa mtoto. Na kila ujumbe, ndugu zangu, ulilazimika kupita kinywani mwake.

Jioni ya kwanza alijaribu kupeleka karatasi. Mamake akairudisha: taa ya chumbani ni dhaifu, haoni kuisoma. Sijui kama kweli hakuona, na sikuuliza. Mtoto akasimama kati ya pazia na bao kwa kitambo. Kisha akaja, akasema kwa sauti ya chini, "Ami, mama asema waya mwekundu ni mfupi. Ataka sentimita kumi zaidi." Nikajibu kama niliyesikia jambo la kila siku: "Mwambie nimekata kumi na mbili." Akaenda, akamwambia. Mke wangu aliinama, akajifanya kutafuta gundi.

Baada ya hapo safari zile hazikukoma. Nakumbuka moja iliyotuokoa na taabu kubwa. Bao likigeuzwa chini juu, kulia huwa kushoto, na waya ukienda reli isiyo yake ni shoti. Nilikuwa nikipanga jinsi ya kuandika alama, mtoto akaja na ujumbe: "Mama asema, msiseme kulia na kushoto. Kofia haina kulia. Semeni nje na ndani." Reli ya nje ikawa nyekundu, ya ndani nyeusi, na hata ukiligeuza bao mara mia, nje hubaki nje. Tena akatushonea nyaya zote chini ya bao kwa uzi wa kofia, fundo kila baada ya vidole vinne, mpaka upande wa chini ukapendeza kuliko wa juu. Mafundi wa simu wa zamani walizifunga nyaya zao kwa uzi namna hiyo hiyo.

Maswali nayo yakaja. Je, treni ya kweli nayo yaendeshwa na umeme wa reli? Nikamwambia ya kwetu ni ya dizeli. Lakini katika nchi nyingi reli za kweli hupitishiwa umeme mdogo ili kujua treni iko wapi: magurudumu na ekseli zake huunganisha reli mbili, na taa huwa nyekundu nyuma yake. Mmarekani William Robinson alipata hataza ya ubunifu huo mwaka 1872. Uzuri wake ni kwamba waya ukikatika au umeme ukizimika, taa huwa nyekundu pia, na treni ijayo husimama. Mtoto alifikiri, akasema, "Yaani ikiharibika, inawalinda watu." Ndivyo.

Usiku tuliowasha, treni ilienda vizuri nusu ya duara, ikafika pinde la mbali, ikazima. Tulipoisukuma kwa kidole ikaendelea. Ilipozunguka ikazima pale pale. Nilimpa mtoto kitaa kidogo cha volti 12 chenye nyaya mbili, nikamwonyesha njia: gusa reli zote mbili; kikiwaka, umeme umefika hapo; kikikataa, kosa liko kati ya hapo na mahali kilipowaka mwisho. Gawa nusu, kisha nusu ya nusu. Nikaketi nyuma, nikamwacha. Alikwenda kiungio kwa kiungio, taratibu, kama anayehesabu tasbihi. Kwenye kiungio kimoja, upande huu kitaa kiliwaka na upande wa pili kikakataa. Akakivuta, akakitazama chini ya taa: ndani kilikuwa na ukungu wa kijani, chumvi ya bahari iliyokula shaba miaka yote sanduku lilipokuwa kabatini. Akakisugua kwa kitambaa chenye spiriti, akakirudisha, akafungua umeme. Treni ikazunguka pinde lote.

"Mama!" aliita, kwa sauti iliyofika barabarani. "Mama, yazunguka! Ilikuwa kutu! Nimeipata mimi!"

Nyuma ya pazia hakukusikika jibu kwa muda, kisha ikaja sauti ya mamake, nzito kwa machozi: "Nimesikia, mwanangu. Nimesikia."

Nisidai zaidi ya niliyoyaona. Huzuni ya mtoto yule haikwisha usiku ule, na zipo siku bado hunyamaza. Lakini juma lililofuata alisoma kwa sauti madrasani, kurasa mbili za Juzuu Amma. Eda imekwisha sasa, miezi 4 na siku 10, na mjane amechagua kurudi kwao. Bao limefungwa kwenye blanketi, linangoja gari la Lamu, na mtoto ameandika upande wa chini kwa wino mweusi: nje nyekundu, ndani nyeusi.

Enyi walezi, mayatima wengi wana sanduku kama lile: cherehani ya mama, zana za baba, daftari la mapishi, nyavu. Kabla ya kuliuza, lifungueni pamoja nao, muulize lilikuwa la kazi gani, na mkae nao mpaka wajibu. Karo itatafutwa, na kwa sote ni wajibu kuitafuta. Mwenyezi Mungu amrehemu ndugu yangu, na awahifadhi mayatima wetu.

Wabillahi tawfiq.