Kinanda na Fidla Ndani ya Nyumba Moja

Ukitaja okestra hapa Tabora, mtu wa rika la baba yangu anafikiria Maquis au Safari Sound: magita, tarumbeta, watu wanasakata dansi mpaka majogoo. Kabla hajamaliza, atakukumbusha kuwa mji wetu nao ulikuwa na vyake: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Okestra ninayoisema mimi ni nyingine, ile ya filamu za mashujaa wanaopaa na kuvaa vinyago. Fidla makumi kwa makumi, chelo, tarumbeta, na katikati yake vinanda vya umeme vinavyotikisa sabufa mpaka jirani anagonga ukuta.

Msomaji, usishangae kukuta habari hizi kwenye kurasa za mapenzi. Muziki huo umenisaidia kufikiri juu ya ndoa yangu wakati ushauri wa watu ulikuwa unanivuruga tu.

Naishi Mtendeni, nafungasha na kuuza asali. Mwaka jana mume wangu alipata uhamisho kwenda Dar es Salaam, cheo juu, mshahara juu. Ukoo mzima ukashangilia, kisha ukanigeukia mimi. "Mwanangu, mke humfuata mume. Asali hata Dar ipo," mama mkwe aliniambia, tena kwa upendo kabisa. Kweli, asali Dar ipo. Lakini warina asali walionizoea, wateja wa miaka sita na wasichana wanne wanaokula kwa kazi yangu, hao wako Tabora. Mashoga nao wakaja na lao: mwache aende, wanaume wenyewe hawa! Yaani kila upande ulitaka mmoja wetu anyamaze.

Kumeza au kuchanganya?

Mume wangu ni mgonjwa wa filamu hizo, na mimi nimeambukizwa. Tukizisikiliza vizuri, unaona njia tatu.

Ya kwanza ni okestra kubeba mzigo yenyewe. Superman ya mwaka 1978 iko hivyo. John Williams aliipigisha London Symphony Orchestra, na tarumbeta ndizo zinazokuambia shujaa kafika.

Ya pili tunayo hapa nyumbani. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, imejenga jina kwa fidla, ganuni, udi na akodiani. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ikashika kasi, na kinanda kikaanza kuiga fidla na akodiani. Kundi likapungua, likaenea kwenye basi dogo, gharama zikashuka. Sina ugomvi nayo, nimeicheza sana kwenye kichen pati. Lakini kinanda kikiiga fidla, mpiga fidla anabaki nyumbani.

Njia ya tatu ndiyo iliyonigusa. Katika The Dark Knight ya mwaka 2008, Hans Zimmer alimpa Joker sauti ya chelo inayovutwa na kuvutwa mpaka meno yanakuuma, huku sauti za umeme zikiizunguka. Halafu ikaja Black Panther, mwaka 2018, ile aliyocheza Lupita Nyong'o, dada yetu wa Kenya. Mtunzi wake ni Msweden, Ludwig Göransson. Kabla ya kuandika muziki alikwenda Senegal, akafuatana na mwanamuziki Baaba Maal na kurekodi wapigaji wa huko. Ile ngoma inayobanwa kwapani na kusema kama mtu, ikawa inataja jina la T'Challa. Killmonger naye alipewa filimbi ya Wafulani pamoja na besi nzito na midundo ya mashine ya hip hop. Si ana damu ya Wakanda na amekulia Oakland, Marekani? Okestra inawabeba wote wawili. Mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya Oscar.

Nani anabeba nini?

Siri iko hapa. Kinanda cha umeme hakivuti pumzi, kinaweza kushika sauti ya chini kabisa kwa muda wowote. Mpiga tarumbeta lazima apumue. Fidla thelathini haziwezi kugusa noti kwa usawa wa mashine, na tofauti hizo ndogo ndizo zinazofanya sikio lihisi kuna watu pale. Basi mchanganya sauti mzuri hagawi nguvu nusu kwa nusu. Besi ya mashine ikipiga, chelo zinapisha. Fidla zikipanda kueleza uchungu, besi inatulia. Hakuna anayefukuzwa jukwaani.

Tulichukua karatasi. Badala ya kuandika nani amfuate nani, tukaandika kila mmoja anaweza nini ambacho mwenzake hawezi. Yeye: mshahara wa uhakika, ada ya mtoto, na sasa atakuwa karibu na maduka ya Dar. Mimi: mzigo, warina asali, jina. Tukakubaliana kwa mwaka mmoja. Msimu wa kurina asali nipo Tabora, ukiisha naenda Dar, na yeye kule ananitafutia maduka. Mwaka ukiisha tunakaa tena.

Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Kodi ni mbili. Basi ni safari ya siku nzima. Mtoto anamuuliza baba yake kwenye simu anarudi lini, na kuna usiku kitanda ni kikubwa mno.

Ila mji huu haukuanza leo kuishi hivyo. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka hapa hadi Bagamoyo na mizigo begani. Wapo wake waliosafiri nao, na wapo waliobaki kulima. Zote zilikuwa ndoa.

Kwa hiyo wewe na mwenzako mkifika njia panda, msianze na nani apunguze sauti. Ulizaneni nani abebe nini, kwa sasa, na mtabadilishana lini. Mama mkwe bado hajaridhika, lakini ndoo za kwanza zimeshauzwa Dar, na mtafutaji wa wateja ni mwanawe.