Vyumba vya Kapenguria

Jumamosi, 7 Juni 2025. Makanyagio, Mpanda

Shule zimefungwa jana. Tiketi ya basi la Mwanza kupitia Tabora nimeshakata, kesho alfajiri naondoka. Mama ananiuliza kwa nini nisirudi Songea, ambako Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Majimaji tarehe 27 Februari 1906, kuliko kwenda mpaka Kenya kutazama mahabusu. Songea nimeshafika, Mama. Kule nilisimama penye makaburi. Safari hii nataka kuona walipofungiwa watu ambao baadaye walitoka wakiwa hai, wakashika serikali.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanawajua wale sita wa Kapenguria kwa majina, wameyakariri kama mazao ya biashara: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko, Karumba. Mwezi uliopita binti mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Madam, hawa walipotoka jela, ikawaje?" Kitabu hakisemi. Kinaruka mpaka bendera, 12 Desemba 1963.

Jumatatu, 9 Juni. Kisumu

Sirari tumevuka mchana. Kwenye matatu ya kutoka Isebania hakukuwa na habari nyingine. Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mtandaoni mwenye miaka 31, alikamatwa Homa Bay siku ya Jumamosi, akapelekwa Nairobi, na Jumapili alikuwa ameshafia mahabusu katika kituo kikuu cha polisi. Polisi wanasema aligonga kichwa ukutani. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mapajani alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu wa watoto wa watu." Hakuna aliyemjibu. Mimi nami ni mwalimu. Nilitazama nje ya dirisha mpaka Kisii.

Hapa Kisumu tulipita karibu na hospitali ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya wakati ule. Kenyatta, akiwa rais, alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969. Kukazuka zogo, askari wakafyatua risasi, watu wakafa. Hilo nitalirudia nikishaviona vile vyumba.

Jumatano, 11 Juni. Kapenguria

Nimelala Kitale kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Asubuhi shemeji alinipandisha matatu mpaka Makutano, nikamalizia kwa bodaboda. Baridi ya huku si ya kwetu Katavi. Nilishuka vidole vimekufa ganzi.

Makumbusho yalifunguliwa 1993, palepale wale sita walipofungiwa. Kijana aliyenitembeza ni Mpokoti, mpole, ana haraka ya kueleza. Aliniacha niingie chumbani peke yangu. Ni padogo. Nilinyoosha mkono mmoja, kisha wa pili. Nikajaribu kufikiri sio wiki moja bali kesi nzima, tangu Novemba 1952 mpaka Aprili 1953: kila asubuhi unatolewa, kila jioni unarudishwa, na hujui kama utanyongwa. Nilipiga hodi ukutani kwa fundo za vidole. Ukuta haukuitika.

"Wageni wengi huingia cha Mzee Kenyatta, wakapiga picha, wakaondoka," kijana aliniambia. Nikamwomba anionyeshe pa Oneko.

Niandike mambo yenyewe kabla usingizi haujanichukua. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia saini hali ya hatari, na usiku uleule makamanda wa polisi wakaanza kuwazoa viongozi. Kenyatta alipelekwa Lokitaung, jangwani kaskazini. Kisha serikali ikatafuta pa kumshtakia. Nairobi hawakutaka, umati ungejaa. Wakachagua Kapenguria, isiyokuwa na reli wala hoteli wala maktaba ya sheria, na ili kesi iweze kusikilizwa huku, Kenyatta aliachiwa kwa jina tu na kukamatwa tena papo hapo, katika ardhi ya wilaya hii. Jengo la mahakama halikuwapo. Walichukua darasa la shule ya kilimo. Hilo limenichoma kuliko yote: meza na viti vya wanafunzi vilitolewa ili watu wahukumiwe kwa jambo lililokwisha kuamuliwa.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu. Baadaye ilijulikana kwamba serikali ilimlipa pauni 20,000. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha siri cha uasi. Mwaka 1958 aliapa kwamba ule ushahidi ulikuwa wa uongo, na akafungwa yeye. Mawakili wa utetezi walilala Kitale na kupanda huku kila siku, njia niliyopita mimi leo, wakati ule ikiwa vumbi na matope. Waliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza. Walikuwapo H. O. Davies wa Nigeria, Diwan Chaman Lall wa India, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili hapo kwetu Tanganyika. Nitawaambia watoto: Afrika, India na Karibi zilikutana katika darasa moja hapa Kapenguria.

Hukumu ilitoka 8 Aprili 1953. Miaka saba na kazi ngumu, wote sita.

Jioni redio ya shemeji imetangaza matokeo ya uchunguzi wa maiti ya Ojwang. Madaktari wanasema majeraha yale si ya mtu kujigonga mwenyewe. Alipigwa kichwani na kukabwa shingo. Dada alizima redio. Tulikula kimya.

Ijumaa, 13 Juni. Kitale

Sasa swali la yule binti.

Ramogi Achieng Oneko alikata rufaa, na mwaka 1954 mahakama ikamwona hana hatia. Hawakumwachia. Waliandika amri nyingine, wakamweka kizuizini bila kesi mpaka 1961. Kenya ilipojitawala akawa waziri katika serikali ya mwenzake wa Kapenguria. Mwaka 1966 alijiuzulu na kujiunga na KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga. Bildad Kaggia naye alijiunga, kwa sababu aliona ardhi iliyopiganiwa inaishia kwa wachache. Mwaka 1968 Kaggia alifungwa miezi kadhaa kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali, kosa la enzi ya Mwingereza kabisa. Halafu ikaja ile siku ya Kisumu, Oktoba 1969. KPU ikapigwa marufuku, na Oneko akawekwa kizuizini bila kesi, mpaka 1975. Aliyeongoza nchi alikuwa Kenyatta, yule waliyekuwa naye pamoja katika vyumba vile.

Kung'u Karumba alikwenda Uganda kibiashara mwaka 1974 na hakuonekana tena. Oneko ndiye aliyebaki wa mwisho. Yeye alifariki Juni 2007.

Sisemi haya ili kumpunguzia Kenyatta mateso yake. Aliteseka kweli, na Mwingereza alimdhulumu. Ninachosema ni kwamba mkoloni alipoondoka hakubeba funguo. Ziliachwa mezani, pamoja na sheria, na mtu aliyezichukua alizijua kuliko yeyote.

Huko Korea ni vilevile. Gereza la Seodaemun mjini Seoul lilifunguliwa 1908, na Wajapani wakawafungia humo wapigania uhuru wa Korea. Yu Gwan-sun, msichana aliyeandamana Machi 1919, alifia humo 1920 akiwa na miaka 17, umri wa wanafunzi wangu. Wajapani waliondoka 1945. Gereza halikufungwa mpaka 1987, na katika miaka hiyo tawala za Korea yenyewe zilifungia humo Wakorea waliodai demokrasia. Leo ni makumbusho, kama Kapenguria.

Jumapili, 22 Juni. Makanyagio

Nimefika salama. Mama kanipokea, kanipikia ugali na migebuka.

Nisiiandike Kenya peke yake. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili. Wakili wake alikuwa Pritt yuleyule. Alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au miezi sita jela, na faini ikalipwa. Alikwepa jela kwa kidogo. Lakini mwaka 1962, bendera yetu ikiwa bado mpya, sisi wenyewe tulitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, inayomruhusu rais kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Wazee wa hapa Mpanda hawapendi kuizungumzia. Nitawauliza.

Julai shule zikifunguliwa nitafundisha Kapenguria mpaka 1975, sio mpaka 1963, hata kama mtihani hauulizi. Na walimu wenzangu wa historia nitawaomba wafanye hivyo hivyo, kwa sababu watoto hawa ndio watakaokuwa mahakimu na polisi. Waingereza walimnyima Achieng Oneko uhuru karibu miaka tisa. Serikali aliyoipigania ikamnyima sita.