Kiungo cha Badala

Kufanana si kulingana. Vitu viwili vyaweza kuwa na sura moja na kimo kimoja, walakini kimoja kisiweze kushika mahali pa kingine. Mshonaji, seremala na fundi wa saa wanaujua ukweli huu. Mwanafunzi mmoja wa Dar es Salaam aliujua mwaka 2017, kompyuta yake mpakato ilipokufa.

Ilikuwa MacBook Pro ya inchi 15 ya mwaka 2011, na ndani yake mlikuwa na tasnifu aliyoitumikia miaka mitatu. Nakala ya pili hakuwa nayo, na miezi minne tu ilibaki kabla ya siku ya kuikabidhi. Jioni moja mistari ilitanda juu ya kioo, kioo kikawa kitupu, na mashine haikuwaka tena.

Fundi aliifungua akatoa kwanza diski. "Maandishi yako yamo humu, mwanangu," alisema, "nayo ni mazima. Kilichokufa ni chipu ya picha." Chipu ile ililehemiwa juu ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, kwa hiyo ubao mzima ulihitaji badala. Maradhi yale yalikuwa mashuhuri. Februari 2015 kampuni ya Apple ilitangaza kutengeneza bure baadhi ya kompyuta zake za miaka ya 2011 hadi 2013 zilizokuwa na kasoro za picha. Lakini mwaka 2017 mlango ule ulikwisha kufungwa. Fedha za kununua kompyuta nyingine mwanafunzi hakuwa nazo.

Siku ya pili alirudi kwa furaha. Alikuwa ameona mashine iliyovunjika kioo, bei yake nafuu, na mgongoni imeandikwa A1286 kama yake. Fundi alimzuia. Namba ile, alieleza, ni ya bweta, si ya moyo: ilipigwa juu ya mashine za inchi 15 tangu mwaka 2008 hadi 2012, na katika miaka hiyo mambo ya ndani yaligeuka zaidi ya mara moja. Hata tundu la kuungia kioo cha nje lina umbo moja katika mashine ya 2010 na ya 2011, lakini kazi zake ni mbalimbali. Ubao hujulikana kwa namba iliyochapwa juu yake wenyewe: wa 2010 ni 820-2850, na wa 2011 ni 820-2915.

"Na huo wenye namba yangu, fundi, utadumu?"

"Unaolingana kabisa, mwanangu, hulingana hata kwa ugonjwa."

Neno hilo lilikuwa chungu, lakini lilikuwa kweli. Ubao mzima wa namna nyingine haukuingia. Ulioingia ulibeba chipu ya namna ile ile iliyokufa. Mwanafunzi aliuchukua kwa kujua. Fundi alitenga betri, akapanga skrubu juu ya karatasi kwa utaratibu wa kutoka kwake, akachomoa nyaya moja moja, akafuta dawa kavu ya kupitishia joto akapaka mpya. Mashine ikawaka.

Usiku ule mwanafunzi alinakili tasnifu yake mahali patatu. Hakuuliza tena ubao utaishi miaka mingapi. Alihesabu kurasa zilizosalia, na kwa miezi minne alifanya kazi kama mtu aliyekopeshwa taa yenye mafuta kidogo. Aliikabidhi tasnifu kwa wakati wake.

Kompyuta nyingi za namna hiyo zilizoundwa tangu 2018 hazina diski ya kutolewa: kumbukumbu imelehemiwa juu ya ubao na kufungwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu ya ubao huo. Anayebadili ubao hupata mashine akapoteza maandishi. Kiungo cha badala, basi, hakirudishi kilichopotea wala hakiahidi umri. Hutoa muhula, na thamani ya muhula ni kazi inayofanywa ndani yake.