Ujumbe mmoja kwa watu mia nne

Katika chama chetu cha walei hapa Lubumbashi mimi ndiye katibu. Wengi hudhani kwamba katibu ni mtu wa kuandika kumbukumbu za mikutano, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kufikisha habari. Mkutano umeahirishwa, mwenzetu amefiwa, mchango wa ujenzi unapokelewa hadi tarehe fulani, padri amebadili saa ya mafungo. Habari kama hizo hazina faida zikibaki kwangu, na wanachama 412 waliotawanyika kutoka Katuba hadi Ruashi hawawezi kuitwa kwa kengele.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya miguu na midomo. Daftari letu la kwanza halina namba za simu hata moja. Limeandikwa makazi ya kila mtu: barabara, namba ya lupango, na jina la mwenye lupango iwapo mwanachama ni mpangaji. Kila mtaa ulikuwa na mjumbe wake aliyepita nyumba kwa nyumba wakati wa jioni. Sisemi kwamba wakati ule ulikuwa bora kuliko huu. Mjumbe alipougua, mtaa mzima ulikosa habari. Na mara nyingi habari ilipofika nyumba ya kumi ilikuwa imekwisha kuvaa nguo nyingine.

Tangu mwaka 2019 tunatumia jukwaa la mtandaoni la kutuma ujumbe mfupi kwa watu wengi kwa pamoja. Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Unafungua akaunti, unanunua salio, unapakia orodha ya namba kutoka katika jedwali la kompyuta, unaandika maneno yako mara moja tu, kisha unayatuma. Jukwaa lenyewe halina minara. Hupokea maneno kwa njia ya intaneti na kuyakabidhi kwa mitandao ya simu, kwetu hapa Vodacom, Airtel na Orange, na kila mtandao huyafikisha kwa wateja wake. Mpokeaji hahitaji intaneti wala simu ya gharama. Kisimu cha vitufe kinatosha. Ndiyo maana tumekataa shauri la vijana wetu wanaosema kwamba kikundi cha WhatsApp kingetosha na kingekuwa cha bure. Mama zetu wazee wengi hawana simu ya namna hiyo, na walio nazo hawana kila siku fedha za kununua mega.

Kompyuta ina ujinga wake. Jedwali likiona namba inayoanza kwa sifuri hudhani ni hesabu, nayo sifuri huifuta, kwa kuwa katika hesabu sifuri iliyotangulia haina maana. Kwa hiyo kila namba lazima iandikwe na 243 ya nchi yetu mbele, zikifuata tarakimu tisa, pasipo nafasi katikati. Siku nne za kwanza za kazi yangu zilikwisha katika kusahihisha namba tu. Tena watu wetu wana kadi mbili au tatu, kila moja ya mtandao wake, na hutumia ile yenye salio. Inabidi kumwuliza kila mmoja: Mama, ni ipi usiyoizima?

Halafu kuna bei. Hulipi kwa ujumbe, unalipa kwa kipande. Kipande kimoja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidisha, ujumbe hukatwa katika vipande vya herufi 153, kwa sababu nafasi ya herufi saba huchukuliwa na alama za kuviunganisha tena ndani ya simu ya mpokeaji. Na herufi hizo 160 ni zile tu zilizomo katika alfabeti ndogo iliyowekwa na wahandisi wa simu. Herufi é, è na à zimo. Herufi ê, â, ô na ë hazimo. Ikiingia moja tu kati ya hizo, ujumbe wote hubadilishwa mwandiko, na kipande hakibebi tena 160 bali 70. Sasa tazameni wenyewe: Noël, Carême, Pâques, Pentecôte. Sikukuu zetu na majira yetu makuu, yakiandikwa vema kwa Kifaransa, hutulipisha zaidi ya mara mbili. Bali Noeli, Kwaresima, Pasaka na Pentekoste hupita kwa bei ya kawaida. Walikuwapo katika kamati ndugu walioona kwamba matangazo rasmi yanastahili Kifaransa. Niliwaletea hesabu ya mwezi mmoja, na mabishano ya miaka yakaisha kwa dakika tano. Hata hivyo Kiswahili nacho kina mtego wake: ile alama ndogo ya juu katika neno kama ng'ombe, ikinakiliwa kutoka katika programu ya uandishi inayoipinda, hufanya hasara ileile.

Kipimo hicho cha 160 hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand aliketi nyumbani kwake Bonn na mashine ya chapa, akaandika sentensi za kila namna, maswali na salamu, akazihesabu herufi zake, akaona kwamba karibu zote hazikuvuka 160. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Neil Papworth, mhandisi kijana, alituma salamu za Noeli kwa Richard Jarvis wa Vodafone. Aliuandika kwenye kompyuta, kwa maana simu za wakati ule hazikuwa na njia ya kuandika. Basi sisi wa jukwaa, tunaotuma kutoka kompyuta kwenda simu, hatukuzua jambo geni.

Wengi huniuliza kwa nini matangazo yangu ni makavu. Nina sababu. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe haupotei mara moja. Hukaa katika kituo cha mtandao ukingoja, na simu ikiwashwa kabla ya muda uliowekwa kwisha, huingia. Mjini kwetu, umeme ukikatika, wako watu ambao simu zao hulala siku mbili. Mtu huyo akiwasha simu Alhamisi na kusoma «mkutano ni kesho», atakuja Ijumaa, naye atakuta mlango umefungwa, kwa sababu maneno hayo yalitumwa Jumanne. Kwa hiyo neno «kesho» nimelipiga marufuku, pamoja na «leo» na «jioni hii». Siku, tarehe, saa, mahali. Salamu ni fupi, baraka ni fupi zaidi. Anayetaka ufasaha aje kunisikiliza katika mkutano.

Jambo lililonisumbua kwa muda mrefu ni jingine. Jukwaa huruhusu kuweka jina la mtumaji badala ya namba, jina lisilozidi herufi 11, na wengi hulipenda kwa sababu linaonekana la heshima. Lakini ujumbe uliotumwa kwa jina la namna hiyo haujibiki. Mpokeaji akiandika «Sitafika, mtoto amelazwa», maneno yake hayaendi popote. Mwaka 2022 Papa Fransisko aliuweka ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani juu ya kusikiliza, kusikiliza kwa sikio la moyo. Nami nilipousoma nilitazama skrini yangu, pale palipoandikwa: zimetumwa 412, majibu 0. Tangu wakati huo kila tangazo linamalizika kwa namba ya simu yangu mwenyewe. Inakula herufi kumi na mbili na usingizi wangu kidogo. Mara nyingi watu hawapigi kuuliza habari ya tangazo. Hupiga kwa sababu wameona jina la chama, wakakumbuka kwamba kuna mtu wa kumwambia.

Matangazo ya kilio ndiyo yanayotaka uangalifu kuliko yote. Katika chama kingine, ambacho sitakitaja, walimtangaza marehemu saa moja baada ya kifo, kwa watu wote wa orodha. Mmojawapo alikuwa binti wa nduguye, aliyekuwa Kolwezi kazini. Familia ilikuwa bado inamtafuta mtu wa kwenda kwake, amketishe, amwambie taratibu kama desturi inavyotaka. Alisoma kifo cha baba yake mdogo akiwa amesimama kaunta mbele ya wateja, kwa maneno yaleyale waliyosoma watu wasiomjua marehemu hata kwa sura, na chini yake saa ya kwenda makaburini. Aliyenisimulia alikuwa mama yake. Hakulalamika juu ya uongo wowote, kwa sababu kila neno la tangazo lilikuwa kweli.

Kwetu hakuna tangazo la kilio linalotoka mpaka mzee wa familia aseme: wa nyumbani wote wamekwisha kuambiwa. Wengine hunilaumu kwamba mtu amekufa alfajiri na chama kinatangaza usiku, wakati mtaa mzima umekwisha kujua. Mtaa na ujue. Chama kinaweza kungoja.

Vilevile sitaji deni la mtu kwa ujumbe. Simu moja nyumbani husomwa na mume, na watoto, na mgeni aliyeazima kupiga. Anayedaiwa mchango nitamtafuta mwenyewe.

Nimesema tulianza mwaka 2019, na wengine huuliza kwa nini, tukiwa na jukwaa, jedwali letu bado lina safu ya makazi, barabara na lupango kama daftari la zamani. Walio na kumbukumbu hawaulizi. Mwanzoni mwa Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ilifunga ujumbe mfupi nchi nzima, ukakaa umefungwa hadi karibu na mwisho wa mwezi. Walioumia kuliko wote ni viziwi, ambao kwao ujumbe wa maandishi ndiyo simu yenyewe. Januari 2015 ulifungwa tena. Tarehe 30 Desemba 2017, siku moja kabla ya maandamano yaliyoitishwa na Kamati ya Uratibu ya Walei, ulifungwa pamoja na intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, vivyo hivyo, na watu wakakaa karibu wiki tatu bila njia hiyo. Chombo kinachoweza kunyamazishwa kwa amri ya mchana mmoja hakifai kuwa chombo pekee.

Mwaka 2023, miezi michache kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba, mgombea mmoja alituma mtu kwetu. Alikuwa amekwisha kutupa viti hamsini vya plastiki, na alikuwa ameahidi saruji ya kumalizia ukuta wa ukumbi. Aliomba orodha yetu ya namba. Alisema ni kwa salamu tu.

Kamati ilikaa juu ya ombi hilo jioni mbili. Makamu wa mwenyekiti aliniambia: «Papa Katibu, namba ya simu si siri ya kitubio. Imeandikwa hata kwenye milango ya maduka.» Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na sikuwa na jibu la haraka. Namba moja kweli si siri. Lakini orodha ina namba 412 pamoja na majina, mitaa na makazi, na ndani yake unaweza kusoma nani ni mjane, nani amehamia wapi, nani anakaa peke yake. Nilitaja pia sheria, kwa maana Kanuni ya Masuala ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inashughulikia data za watu binafsi. Nikaona kwamba sheria haikuwagusa sana. Aliyewagusa ni mweka hazina wetu, mama wa maneno machache. Alisema: «Namba hizi hatukuzinunua, Papa. Tuliazimwa. Aliyeniazima sufuria hakunipa ruhusa ya kumwazima jirani.»

Orodha haikutolewa. Viti tumebaki navyo, saruji haikuja, na ukuta wa ukumbi umesimama hadi leo kwenye urefu wa kifua. Mvua ikinyesha upande ule tunasogeza viti. Wako wanachama wanaoniambia mbele ya watu kwamba ukaidi wangu ndio ulioinyima parokia ukumbi, na mmoja wao ni rafiki yangu wa utoto. Hatujapatana bado juu ya jambo hilo. Ningeulizwa tena leo ningejibu vilevile, lakini sidai kwamba hainiumi ninapomwona anakaza kiti chake mahali pakavu.

Baada ya kila utumaji jukwaa hutoa taarifa: kwa fulani umepokelewa, kwa fulani unangoja, kwa fulani umeshindwa. Walioshindwa huwa kati ya ishirini na thelathini na tano. Simu imeibwa, kadi imefungwa, mtu amehamia Likasi, mtu amekufa. Kuna namba moja ya marehemu ambayo hatuiondoi, kwa sababu mjane wake ametuomba. Anaiweka simu ile ikiwa imewashwa, na anapenda isikike. Majina mengine nayaandika kwenye karatasi, pamoja na barabara na lupango, na siku ya Jumamosi wajumbe wawili huyagawana na kwenda. Jumamosi iliyopita yalikuwa 27. Walirudi saa kumi na moja jioni wakiwa wamewapata 19, viatu vyekundu kwa vumbi, na kati ya namba mpya walizoleta mbili zilikuwa na tarakimu nane tu, kwa hiyo itabidi warudi.